Kinoleo cha Mkono Mmoja

3 Machi

Mpwa wangu mpendwa,

Kabla hujaendelea kusoma, tafuta kiti ukae, maana barua hii inatoka kwa mtu ambaye akishikwa na mafua siku mbili tu, hoteli ya ghorofa saba inalala njaa. Sisemi hivyo kujisifu. Meneja mwenyewe alitamka mbele ya watu: "Huyu akiondoka, tufunge milango." Mpishi mkuu ana kofia ndefu, sawa, lakini kofia haikati nyama. Nyama inakatwa na kisu, na kisu kinakata kwa sababu yangu mimi. Sasa piga hesabu mwenyewe uone ni nani anayewalisha wale wageni wote.

Sisi huku hatujambo. Mguu wa mke wangu umepoa, siku hizi ananifokea akiwa amesimama. Kitinda mimba wetu kang'oka jino, kalificha, na hataki kutuambia kalificha wapi. Paka tuliyemleta kwa ajili ya panya kaelewana nao, wanalala stoo pamoja. Dada yangu je? Mliniambia baada ya kile kiharusi katoka hospitali na kwamba ni vidole tu vimebaki na ganzi kidogo. Namshukuru Mungu. Mwambie nilitaka sana kuja kumwona, zamu zimenibana shingo.

Umefanya vizuri kuandika. Kwenye simu watu hunikatiza kabla sijafika kwenye utamu. Unauliza ununue kifaa gani cha kunolea visu vya nyumbani, kisichotumia umeme. Swali umelipeleka kwa mwenyewe. Wengine wangekwenda kumuuliza muuza duka, na hiyo ni sawa na kumuuliza fisi bucha lifunguliwe saa ngapi.

Nikupe mfano. Mwaka ule wa ugeni mkubwa, mpishi wa mboga alikata kitunguu kwa kisu nilichotoka kukinoa. Kitunguu kikabaki mezani kizima, mviringo kabisa. Akapandisha mori: "Kisu gani hiki umeniletea?" Nikamwambia kiguse. Alipokigusa kwa ncha ya kidole, kikafunguka kama kitabu. Na nzi aliyetua kwenye yale makali aliondoka wakiwa wawili. Walioshuhudia wapo, waulize, ingawa wengi wao wamehama.

Sasa sikiliza. Kitu cha kwanza ni kinoo, jiwe lenyewe. Unaliloweka, unaliweka juu ya kitambaa chenye unyevu lisiteleze, mkono mmoja unashika mpini, vidole vya mkono wa pili vinakandamiza ubapa, unasukuma na kurudisha huku unasikiliza. Kisu kinachonoleka hunong'ona. Halafu ipo fimbo ya chuma, ile wapishi wanayopigia visu mbwembwe mbele ya wageni. Ile hainoi, inanyoosha tu makali yaliyopinda; ni kama kuchana nywele, huwezi kusema umenyolewa. Na mwisho kuna vile vidude vya plastiki vyenye mifereji, unachomeka kisu na kuvuta. Mpwa wangu, hapo sitaki hata kukusikia. Kile ni kitu cha mtu asiyeweza kufunga kamba za viatu vyake. Kinakitafuna kisu mpaka kinaota meno ya panya. Siku utakayonunua kidude kile, ukiulizwa, sema sisi si ndugu.

Nunua kinoo chenye pande mbili, mmoja wa kukwaruza na mwingine laini. Nimemaliza.

Mjomba wako,
Mkuu wa Makali


22 Machi

Mjomba, shikamoo.

Barua yako niliisomea barazani nikacheka mpaka mama akaniita ndani. Nikamsomea ile ya nzi. Akasema, "Huyo ni Debe wangu. Hata kwenye karatasi anatika." Unajua bado anakuita hivyo, na unajua akikuita hivyo ndiyo salamu yenyewe.

Sisi tunasogea. Upepo ulibeba bati moja la jikoni, jirani yetu fundi viatu akapanda kuligongelea, akashuka na tundu kubwa la suruali. Mama akasema fundi viatu abaki kwenye viatu. Mkaza mjomba umsalimie, na kitinda mimba mwambie jino halioti hata ulifukie wapi.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu nyumba yetu unaijua, kati ya chumba cha mama na sebule kuna pazia tu, na yeye masikio yake hayakuugua.

Mjomba, mama jikoni haingii tena. Wiki ya kwanza tuliyotoka hospitali aliomba nyanya na kisu. Nikampa. Kisu kikaibonyeza nyanya mpaka ikapasuka, maji yakamwagika mezani pamoja na mbegu zote. Akaweka kisu chini taratibu, akafuta meza, akasema, "Basi. Mkono umekwisha." Tangu siku hiyo anakaa kitini anaangalia ukuta, chakula napika mimi, anakula vijiko viwili anasema kashiba. Baadaye nilikiangalia kile kisu. Mjomba, hakikati hata siagi. Lakini yeye kisu hakukilaumu, amejilaumu mwenyewe, na nikimwambia anadhani namfariji.

Kaka anataka aje amchukue akakae kwake shule zikifungwa, mwishoni mwa Juni. Kaka hana nia mbaya. Ila unajua chumba chenyewe, dirisha linaangalia ukuta wa jirani, na wifi hapendi mtu mwingine jikoni kwake. Mama alisema zamani, siku atakayolishwa kwenye nyumba ya mtu ndiyo siku ya kumchimbia kaburi. Na mimi siwezi kubaki. Kiwandani msimamizi amesema cherehani yangu hainingoji zaidi ya Julai. Kwa hiyo ama mama aweze kujipikia mwenyewe kabla ya Juni kwisha, ama nyumba hii ifungwe.

Ndiyo maana nauliza habari za kunoa. Kinoo chako kinataka mikono miwili. Nataka kitu kinachosimama mezani chenyewe, kinachotumika kwa mkono mmoja. Tafadhali usiniulize kwa nini.

Mpwa wako


14 Aprili

Mpwa wangu,

Nimechelewa kujibu, usinilaumu. Walikuja wageni wakubwa hapa, wakubwa kiasi kwamba majina yao nimekatazwa kuyasema, na mmoja wao alipokata nyama yake alisimama akauliza, "Nani amenoa kisu hiki?" Nikaitwa. Nikapeana naye mkono. Hata sabuni sijatumia vizuri tangu siku hiyo.

Nyumbani salama. Jino limepatikana ndani ya kiatu changu, nimelikanyaga. Mke wangu anasema ndilo jambo la maana pekee lililotokea huku.

Umesema nisiulize kwa nini, na mimi sijauliza. Nimefikiri kwa sauti tu mezani, mke wangu akasema labda unataka kunoa kwa mkono mmoja huku mwingine unakausha rangi ya kucha. Vijana mmekuwa hivyo. Lakini mimi si mtu wa kumwacha dada yangu na kisu kisichokata siagi. Dada ndiye aliyenibeba mgongoni mama yetu alipokuwa shambani, na alikuwa ananifinya, lakini alinibeba.

Kwa hiyo sikutumii kinoleo, nakutumia kisu. Kwenye kifurushi, ndani ya gazeti, ndani ya taulo, kimo kisu cha hotelini kilichostaafu, na nimekinoa mwenyewe kwa mtindo wangu. Upande wa kulia nimeutelemsha kama paa, wa kushoto nimeuacha wima kama ukuta. Kikikata, vipande vinaanguka vyenyewe upande wa kulia, kimoja kimoja, kama askari waliochoka gwaride. Hata mtoto mchanga atakata. Hata mgonjwa. Hakitahitaji kunolewa mpaka mwakani, na mwakani nitakuja mwenyewe.

Unasema nije sasa? Hukusema, lakini nimesoma katikati ya mistari. Zamu, mpwa wangu. Zamu.

Mpe dada kisu na umwambie kimetoka kwa Debe.

Mjomba wako,
Daktari wa Visu


5 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Hatujambo, na nyote huko muwe hivyo hivyo. Leo habari za bati na za fundi viatu tuziache.

Kisu kilifika. Mama alikifungua mwenyewe, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Kumbe Debe anajua kitu." Mjomba, alitabasamu. Akaniambia lete tango.

Vipande vikatoka kabari. Nene juu, vyembamba chini kama karatasi. Kila alipokata, kisu kilitoroka pembeni kama kina safari zake. Akajaribu polepole, kikatoroka polepole. Mwisho akakirudisha kwa nguvu kwenye tango, kikaruka, kikamkata nyuma ya kidole. Na hakusikia. Mimi ndiye niliyeiona damu kwanza, kwenye kibao. Yeye alikuwa anaendelea.

Nikamfunga. Hakulia, ningefurahi angelia. Kisu akakirudisha ndani ya taulo lake. Siku ya tatu akampigia kaka simu mwenyewe, akamwambia, "Mwisho wa Juni njoo unichukue. Uje na gari kubwa, tuchukue na kitanda."

Alinikataza nisikwambie, lakini mficha maradhi kilio humfichua, na mimi nimechoka kuficha. Si vidole, mjomba. Ni mkono wote wa kulia, kuanzia begani. Hauinuki na hausikii. Anaulaza juu ya mboga kama jiwe ili mboga isiviringike, na anakata kwa mkono wa kushoto, ambao hajawahi kuutumia hata kushika kijiko. Alisema, "Debe asiambiwe. Akijua atanililia humu ndani, na mimi ndiye nitakayembembeleza." Ndiyo maana nilitaka kitu cha mkono mmoja. Haikuwa rangi ya kucha.

Sasa nakuomba, na hadithi za wageni wakubwa sizitaki safari hii. Niambie neno moja. Kosa ni la mkono au ni la kisu?

Mpwa wako


9 Mei

Mpwa wangu,

La kisu.

Mwambie leo hii, kabla hujamaliza kusoma. Mwite, mwambie: "Mama, kisu kilikosea." Kisha rudi hapa.

Nilikinoa upande mmoja, wa kulia. Kwa mtu anayekata kwa mkono wa kulia kinakwenda mbele moja kwa moja. Ukikihamishia mkono wa kushoto, ule mteremko unaangalia mboga badala ya kuangalia kipande, basi kila unapokandamiza, kisu kinasukumwa nje. Kinateleza kama mtu anayeshuka paa. Hakuna mkono duniani utakaokinyoosha. Leo asubuhi nimekishika cha aina ile kwa kushoto mbele ya jiko zima, nikakata karoti. Vipande vikatoka kabari, vile vile ulivyoandika, na kilichobaki cha karoti kikaviringika mpaka chini ya jokofu. Mpishi wa mboga alicheka mpaka akakaa chini. Acha acheke. Nilitaka kuona kwa macho yangu.

Dada alikuwa anakata sawa. Alikuwa anakata sawa tangu mwanzo, kwanza kwa kisu butu halafu kwa kisu changu, ambacho ni kibaya zaidi kuliko kile butu. Kifiche. Kitupe. Kikate mti.

Wazee walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Sasa nenda dukani ukanunue kile kidude nilichokitukana. Kile kile. Mifereji yake inasaga pande zote mbili sawasawa, na kushoto ama kulia hakijali. Utafute chenye mpira mpana chini, wa kung'ang'ania meza, kisiwe cha kushikwa. Kiwe na mfereji wa kukwaruza na mfereji laini. Mpira ulowanishe kidogo, ukandamize. Kisu kivutwe kuja kwako, kutoka kwenye mpini hadi nchani, kwa uzito wake wenyewe, bila kukandamiza, na kisirudishwe nyuma hata kwa bahati mbaya. Mara chache mfereji wa kwanza, halafu wa pili, halafu kitambaa. Anoe kile kisu chake cha zamani chembamba. Kitaisha haraka kuliko kwa kinoo, sikufichi. Kikiisha nitamletea kingine.

Na ule mkono unaolala kama jiwe usiwe karibu na makali tena. Kwenye kifurushi kuna kibao. Seremala wa hoteli amekipigilia misumari miwili isiyo na kutu, ncha juu. Mboga inachomekwa pale, inatulia, mkono unabaki magotini.

Salamu sikuandika. Mnisamehe.

Mjomba wako


2 Juni

Mjomba, shikamoo sana.

Mke wako apone kabisa, na mtoto ang'oe jino lingine maana barua yako ya mwisho ilinitisha, haikuwa na habari za nyumbani kabisa.

Nilimwambia mama, neno kwa neno. Hakuamini. Akasema, "Debe amesema kakosea? Kwa maandishi?" Nikampa barua. Akaisoma, akairudia pale pa karoti. Akaikunja akaiweka chini ya mto. Kesho yake akaniambia, "Hicho kidude utakinunuaje wewe, utakijaribu kwa mkono gani? Nipe viatu."

Kwa hiyo tulikwenda wote, hatua kwa hatua, duka la vyombo lile la kona. Mwenye duka akamletea kiti na kinoleo kimoja kizuri chenye kishikio, rangi nyekundu.

"Hiki ndicho kinachotoka sana, mama."

"Kinashikwa?"

"Unakishika hivi, mkono huu, halafu mkono ule unavuta kisu."

"Mkono ule umelala," mama akamwambia. "Lete kingine."

Mara ya kwanza kumsikia akilisema hilo mbele ya mtu, mjomba. Mwenye duka akababaika, akaleta kidogo cha kuning'inizwa kwenye funguo. Mama akamuuliza kama kile ni cha kunolea visu au cha kunolea sindano. Akaleta cha tatu, chenye mpira chini. Mama akakibandika kwenye kaunta, akakivuta, kikatoka. Akaulowanisha mpira kwa mate, mwenye duka anaangalia hivi, akakibandika tena. Akakivuta mpaka kaunta ikalia. Hakikutoka.

"Lete kisu."

"Mama, visu ni vya kuuza."

"Na mimi ni wa kununua. Lete kisu butu."

Mwenye duka akatoa chake mwenyewe cha kukatia kamba za maboksi. Mama akakivuta kwa kushoto, kinakwenda upande, akasimama, akavuta tena polepole. Wateja wamesimama. Akaomba gazeti. Nikalishika mimi, yeye akakata, likapasuka sawasawa toka juu mpaka chini. Mwenye duka akasema, "Mama, na kile changu kingine uninolee basi." Akamnolea.

Nyumbani alianza na nyanya, kwenye kibao chako cha misumari. Vipande vyake si vizuri kama zamani, mjomba, nisikudanganye, lakini ni vipande, na kila kimoja kinalingana na mwenzake. Alivipanga kwenye sahani akavitazama. Halafu akasema, "Kitunguu kiko wapi?"

Kaka bado anakuja mwisho wa mwezi. Mama hajamwambia asije. Anasema mkono wa kushoto ni mgeni, usimsifu kabla hajalala nyumbani.

Anasema pia nikuandikie hivi: "Mwambie Debe sitambembeleza. Aje ale."

Mpwa wako


11 Juni

Mpwa wangu,

Nakuja Jumamosi. Meneja alikataa kuniachia, akasema hoteli itakuwa hatarini, nikamwambia basi iwe. Mpishi mkuu kanisindikiza mpaka lango la nyuma, na sitashangaa kama alikuwa anafuta machozi, ingawa anasema ni moshi.

Msipike kwa ajili yangu. Yaani, mpike, lakini apike dada.

Mjomba wako


10 Julai

Mjomba, shikamoo.

Natumaini ulifika salama na mkaza mjomba hakukugombeza kwa kukaa siku zaidi. Nakuandikia nikiwa nafunga mizigo, Jumatatu narudi kiwandani. Sasa hivi ndiyo nakupa habari yenyewe.

Kaka alikuja na gari, kubwa kweli, la kubebea kitanda. Akamkuta mama jikoni. Akataka kumsaidia, mama akamwambia, "Kula kwanza, mambo ya vitanda baadaye." Akala. Akaongeza. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Umepika wewe?" Nikamwambia mimi nilikuwa nafua. Akainuka akaenda jikoni, akavuta kisu kwenye kile kinoleo, akaangalia kibao cha misumari. Sijui walisema nini humo. Alipotoka alikuwa na macho mekundu, akasema atakuja kila mwisho wa mwezi kuangalia, na kwamba dirisha la chumba kile kweli lilikuwa baya. Gari likarudi tupu. Fundi viatu atakuwa anapita asubuhi na jioni, ameahidi, na mama amemwambia akipita asipande bati.

Kwa hiyo nyumba haifungwi, mjomba. Nimeandika sentensi hiyo nikakaa nikaitazama.

Mambo mawili yamebaki. La kwanza, fundi viatu anasema Jumamosi ile alikuona na begi lako ukipita nje ya nyumba, ukaenda mpaka kona, ukarudi, ukaenda tena, kabla hujabisha hodi. Sikuulizi. Mama pia hakuuliza.

La pili nakuuliza. Tangu uondoke, mama anacheka peke yake jikoni. Anashika kisu, anakivuta mara moja, anaanza kucheka mpaka anashika meza. Kicheko hicho sikuwa nimekisikia tangu aanguke, nilidhani kimekwenda na mkono. Nikimuuliza, anasema, "Muulize mjomba wako alifanya nini ile asubuhi ya Jumapili ulipokuwa umelala." Hata kaka alitaka kujua, mama akamwambia hiyo ni siri ya watu wawili.

Mjomba, ulifanya nini?

Mpwa wako


19 Julai

Mpwa wangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma kwa sauti mezani. Mke wangu kalia, mtoto kauliza kwa nini mama analia, paka kaondoka. Ile sentensi ya nyumba kutofungwa niliirudia mara nyingi, mwisho mke wangu akaninyang'anya karatasi.

Kuhusu kupita nje ya nyumba na begi, nilikuwa naukagua mtaa. Mtu wa cheo changu hukagua mtaa kwanza.

Kuhusu asubuhi ya Jumapili, nilikuwa namfundisha mama yako siri kubwa kubwa za taaluma yetu, naye akafurahi, na binadamu akifurahi hucheka. Ndiyo hivyo tu.

Nimeandika hapo juu, mke wangu kasoma begani kwangu, kasema, "Mwambie mtoto, ama nitamwambia mimi." Basi. Ukimaliza kusoma karatasi hii uichome, na kiwandani usiisome mbele ya wenzako.

Usiku ule sikulala sana. Chakula alichopika dada nilikuwa nimekila mpaka nikalamba sahani. Niliona jinsi alivyokuwa anavuta kile kisu, nikasema moyoni, nitaamka kabla yake nimnolee vizuri, akute kisu tayari, asitumie nguvu. Jogoo hajawika nikawa jikoni. Nikalowanisha mpira. Nikabandika. Nikavuta.

Hakikutoa sauti. Nikasema, kifaa kizuri, kimya kama kanisa. Nikavuta tena. Nikahamia mfereji wa pili, nikavuta tena na tena mpaka jasho likanitoka. Nikapitisha kidole gumba kwenye makali kama tunavyofanya sisi wataalamu, nikatikisa kichwa, nikasema kwa sauti, "Wembe!" Nikachukua nyanya ya kujaribia. Ikabonyea. Nikasema hii imeiva mno. Nikachukua nyingine, ikapasuka, ikanirukia shati. Nikaanza kukitukana kile kidude kimya kimya, nikakiambia nilijua tangu Machi.

Ndipo nikasikia mlangoni, "Debe. Nyanya zangu zimekukosea nini?"

Nikamwambia kidude chenyewe ni kibovu, muuza duka kawaibia. Hakunibishia. Alikuja, akanyoosha ule mkono wa kushoto, akakamata kichwa cha kinoleo kwa vidole viwili, akachomoa kitu chembamba cha plastiki, kinapitisha mwanga, hata usingekiona. Akakiweka mbele yangu polepole kama mhudumu anayemwekea mgeni sahani. Kisha akachukua kisu, akavuta mara moja tu, kikanong'ona kile chuma, nikakisikia mpaka mgongoni. Akakata nyanya. Ndipo akanitazama usoni, akaanza kucheka, akacheka mpaka ikabidi nimshikilie asianguke, na mimi mwenyewe nilikuwa sijiwezi.

Kilikuwa kifuniko cha kuzuia vumbi, mpwa wangu. Asubuhi nzima ile nilikuwa nanoa kifuniko.

Mjomba wako